Karatasi ya Tano

Jumatatu, 2 Machi 1987

Dereva mpya kafika. Mwanamke! Nilikuwa napiga chapa orodha ya matairi, nikasikia ofisi nzima imenyamaza, nikainua kichwa. Suruali ya kaki, buti za jeshi, mwepesi wa kucheka. Anaitwa Wankyo, kwao Buswahili, malori kajifunzia JKT. Na ndiye atakayepewa lori jipya, lile lenye tela.

Bwana Magesa, mkuu wetu wa usafirishaji, alicheka mpaka tumbo likatikisika. Siku hizi mambo yamefunguka, akasema, sabuni imerudi madukani na akina mama wameshika usukani. Bwana Magesa huyuhuyu! Mwaka themanini na tatu nilimwomba safari moja tu ya Dar, nikae pembeni ya dereva, niione njia ninayoiandika kila siku. Akaniuliza kama nimerogwa. Mwanamke kwenye lori atalala wapi?

Miaka minne nimeamini tatizo ni uanamke. Kumbe tatizo ni mimi, Esta.

Jumatano, 4 Machi

Nimeagizwa nimwandikie Wankyo mpango mzima wa safari. Musoma, Bunda, Mwanza, Nzega, Singida, Dodoma, Dar. Dizeli atapata wapi kwa kibali chetu, alale wapi, kila kipande saa ngapi. Yeye na utingo wake wote wageni wa njia. Andika kama unamwandikia mtoto, kasema Bwana Magesa.

Naijua njia hiyo kama Baba Yetu. Miaka tisa kila dereva akirudi anakaa kwenye benchi langu, nami nauliza: daraja lipi limekatika, tope liko wapi, wapi wanaiba tairi. Zaidi ya wote, mzee Alfonce—miaka ishirini na sita barabarani, mpaka mwaka jana macho yalipoingia ukungu. Kila kona ya nchi hii nimeipata mdomoni mwake.

Miguu yangu mwisho wake Mwanza, nilipokwenda kung'oa jino.

Ijumaa, 6 Machi

Mzee Alfonce alikuja ofisini na gogo lake. Lile la kuzuia tairi, la mti mgumu, limechongwa upande mmoja, jeusi kwa mafuta. Miaka yote lilikaa chini ya kiti chake cha lori. Nikajua kaja kuaga, nikavuta kiti.

Akampa Wankyo! Mbele yangu! Naye akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Hata adabu anayo, sina pa kumshikia.

Mzee akamwambia, "Hili limeniweka hai. Wapi ulitumie na vipi, Esta atakuandikia. Yote anayo yeye. Haya, dereva wangu."

Dereva wangu. Mimi miaka tisa ni "mwanangu, niandikie". Kunipa alinipa maneno tu, nikashukuru.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nina wivu mpaka ugali haushuki.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya kanisa huyo hapo mlangoni kwangu Nyasho, na kikapu cha viazi vitamu toka kwa mama yake. Nikachemsha. Vitamu kweli, nikazidi kuudhika.

Akaniuliza, dada Esta, Singida kukoje? Nikamweleza mawe yale makubwa yaliyopandana, upepo, alizeti, na mama mmoja anayeuza chai karibu na ofisi ya wenzetu, chai yenye tangawizi kali. Alinisikiliza mdomo wazi. Saa nzima nilikuwa na furaha, sitasema uongo. Nilikuwa naendesha mimi.

Anaondoka, kageuka getini. "Asante dada. Nikirudi nitakwambia kama ndivyo kweli."

Kama ndivyo kweli!

Jumanne, 10 Machi

Nimemaliza kupiga chapa. Karatasi tano.

Nne ni za kwenda. Ya tano ni ya kurudi, na karibu yote ni mlima mmoja—Sekenke. Ukienda unaupanda, gari linalia tu. Ukirudi na mzigo wa Dar unaushuka, na huko ndiko wanakofia. Mzee Alfonce alimzika rafiki yake huko mwaka sabini na nne. Maneno yake nimeyaandika kama alivyoyasema: simama juu kabisa, weka gogo, breki zipoe, upepo wa breki ujae. Ingiza gia ndogo kabla ya kona ya kwanza, maana ukishaanza kushuka haitaingia tena. Utingo ashuke atembee kando na gogo mkononi. Tela likianza kusukuma, umeshachelewa.

Nikabana karatasi nne. Ya tano nikaitia kwenye droo, chini ya kaboni.

Mkono ulifanya, nami nilikuwa nauangalia. Nilijisemea: si atarudi kuniambia kama ndivyo kweli? Basi aje aniambie.

Jumatano, 11 Machi

Kaondoka alfajiri. Atapakia pamba Bunda. Kapiga honi mara tatu kwenye kona, watu wakapunga. Mimi nilikuwa nachonga penseli.

Jumatatu, 16 Machi

Simu toka Dar! Bwana Magesa akafungua kufuli la sanduku la simu kwa mbwembwe, wote tukamzunguka. Kafika, mzigo umeshushwa, hata pancha moja hakupata. Kisha akataka kuongea na mimi.

"Dada Esta! Ni kama ulipita mwenyewe! Tope la Wembere nimelikuta palepale ulipoandika. Hata chai ya yule mama ina tangawizi!"

Kaniambia nilikuwa sawa. Ndicho nilichokuwa nakitaka? Anapakia bati, tani nyingi, anaondoka Alhamisi alfajiri.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Neno moja tu—mlima. Lakini Bwana Magesa alikuwa ananitazama, wote walikuwa wananitazama, wangeuliza kwa nini halimo kwenye karatasi. Nikasema, safari njema.

Simu ikarudi kwenye kufuli.

Ijumaa, 20 Machi

Mzee Alfonce kapita kuuliza habari za dereva wake. Amekaa kwenye benchi langu, anapapasa ukingo wa meza.

"Karatasi ya kushuka ulimpa?"

Nikasema ndiyo, baba.

"Basi mimi sina wasiwasi. Nilikuwaga siwezi kula siku ya kushuka ule mlima. Wenzangu walikuwa wanapiga chai Singida, mimi naangalia tu."

Akacheka. Akaenda zake. Nimefungua droo. Ipo. Safi, haina hata mkunjo.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika hapa Posta, kwenye benchi.

Sikulala. Asubuhi nimekwenda kwa mzee Alfonce, mkewe Euphrasia anafagia uwanja, nikamwambia mzee yote nikiwa nimesimama. Sikumficha hata wivu. Hakunitukana. Aliomba viatu vyake, akanishika bega kwa ajili ya macho, tukaja.

Simu ya ofisini nimeogopa—ufunguo anao Bwana Magesa. Dada wa simu hapa katuunganisha na wenzetu wa Singida, saa tano na nusu, sauti mbali kama iko ndani ya mtungi. Mlinzi kapokea. Ndiyo, mama wa lori kalala hapa. Kaondoka saa nne kamili. Kanywa chai, kawachekesha. Wakamuuliza kama njia anaijua. Kasema anayo karatasi ya karani wao wa Musoma, ya kwenda, lakini haina shida, anaisoma kutoka chini kwenda juu.

Kutoka chini kwenda juu.

Karatasi ya tatu niliandika hivi: mlima ukishaisha njia ni nzuri, ongeza mwendo, fidia muda uliopotea. Kwa anayerudi, hapo ni kabla ya mlima.

Tumeomba tuunganishwe na Kiomboi, jirani na mlima, polisi wapeleke mtu juu ya mlima amsimamishe. Tunasubiri laini. Posta inafunga saa saba. Dada wa simu kashaanza kufunga madirisha, ila letu kaliacha.

Mzee kaniuliza kama ninayo hapa ile karatasi ya tano. Nikaitoa. "Nisomee," akasema. Nikamsomea yote, polepole, simama juu kabisa, weka gogo. Midomo yake ilikuwa inanifuatisha. Nilipomaliza akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu."

Kwa mpango wangu, Singida mpaka mlimani ni mwendo wa saa tatu, naye katoka saa nne.

Sasa hivi ananiuliza saa ngapi. Saa ya ukutani iko mbele yetu, kubwa, yeye haioni. Saa saba kasoro dakika tano. Kaniuliza tena.