Na Akiwa Mumeo Je?

Jumanne, 11 Juni

Leo nimefundisha kisa cha binti wa mfalme aliyebakwa na kaka yake wa kambo. Chumba cha nyuma cha ukumbi wa ibada, wanawake peke yao, feni mbovu. Nikaandika ubaoni: RIDHAA. Fundi cherehani akasema hilo neno analijua la kutoa mahari tu — tukacheka! Nikauliza, binti alisema nini? Alikataa. Baba yake je? Alikasirika, halafu akanyamaza. Ndipo mke wa mhubiri, ambaye hajawahi kufungua mdomo, akauliza polepole: na akiwa mumeo je?

Nikamjibu: kukataa ni kukataa, hata kwa mume.

Alhamisi, 13 Juni

Mke wa mhubiri hakuja. Fundi cherehani anapakana nao ukuta. Anasema mhubiri alimchapa kwa mkanda huku akisoma aya za utii. Anasoma, anachapa. Anasoma, anachapa! Mama kaniambia niachane na ndoa za watu. Nimemwambia, jibu nilitoa mimi.

Jumanne, 18 Juni

Amekuja! Jicho limevimba, mdomo una nyuzi. Kaomba asome yeye. Kasoma pale binti anapomsihi kaka yake. Sauti haikutetemeka.

Mlango ukapigwa teke. Mhubiri! Akamshika mkewe nywele. Nani kamruhusu? Nikasema, Mzee, hapa ni darasani — akanibamiza ubaoni, kichwa kikalia ko! Akamwangusha mkewe, akamkanyaga mkono. Kidole kikavunjika, nilikisikia. Sijui nilifikaje, nilimng'ata mhubiri mkono mpaka damu ikanijaa mdomoni. Mimi, mwalimu wa maandiko! Hakumwachia mkewe. Fundi cherehani akamchoma mkasi begani. Hapo akalia kwa sauti kubwa.

Sikumwonea huruma. Nilifurahi — na hilo linanitisha.

Jumatano, 19 Juni

Kituo cha polisi. Naandikia magotini. Fundi cherehani wamemweka ndani: mkasi ni silaha. Mkanda eti ni mambo ya nyumbani! Mhubiri yuko benchi la mbele, bega limefungwa, wazee wa ibada wamemzunguka.

Afisa kamwambia mke: sema huyo fundi ndiye aliyeanza, basi, unarudi kwa watoto wako sasa hivi.

Mumewe kamwambia kwa ule upole wake wa mimbarini, "Mama watoto, sema tuondoke."

Kanitazama. Nimetamani kumpa maneno. Nimejiuma ulimi — ni yake kusema.

Ameinuka. Anachechemea hadi kaunta. Anampa afisa mgongo, na kwa mkono mmoja mzima anafungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja. Inashuka. Wazee wamegeukia ukuta. Mhubiri kasimama: "Jifunike!"

"Andika," anamwambia afisa bila kugeuka. "Anzia hapa."

Afisa anatazama mgongo uliojaa alama za mkanda. Anamtazama mhubiri. Kalamu iko mezani, hajaishika —