Mutua, Yule Kambare Nilimchagua Mimi

Mlamu wangu Mutua,

Najua huko uliko hakuna posta, lakini mimi nimewahi kufikisha lori Juba mahali ambapo hakukuwa na barabara, kwa hivyo hii barua itakupata. Ni mimi Kioko, kaka ya mke wako, yule ulikuwa unaita Balozi. Naandika haraka kwa sababu mzee Nzioka wa kwaya amekuja huko wiki jana, na mdomo wake unaujua. Usimsikilize. Sikia kutoka kwangu mwenyewe.

Ni habari ya tangi lako la samaki.

Ulipotuacha, Mwikali alikaa mbele ya hilo tangi miezi mingi. Halii, haongei, anaangalia tu mimea yako ya majini na wale samaki wadogo kumi na mmoja wenye mstari mwekundu. Halafu maji yakaanza kuwa kijani, majani yakavaa ute kama makamasi. Siku moja akaniambia, "Kioko, siwezi kumwangalia Mutua akifa mara ya pili. Ibada ya ukumbusho ikifika na tangi liko hivi, nalitoa liwe la vifaranga."

Vifaranga, mlamu! Tangi ulilolitoa Nairobi ukilipakata kama mtoto mgonjwa, baada ya miaka kumi na miwili ya kutunza samaki wa hoteli.

Nikajipiga kifua. Nikamwambia dada yangu samaki nawajua, nimewala Mwanza, nimewala Kigoma. Wewe ulikuwa unaniambia, "Balozi, kumla na kumfuga ni shule mbili." Na unajua shule mimi hata moja sikumaliza.

Simu ikasema kambare hula uchafu wa chini. Labda ilisema na mengine, lakini maandishi yalikuwa marefu. Nikaenda Kasikeu kwa mtu mwenye bwawa. Alikuwa na wadogo kama kidole. Sasa, wewe unatujua. Sisi tukinunua mbuzi tunashika mgongo, tukinunua jogoo tunampima kwa mkono. Nichukue samaki mwembamba kwa nini? Nikachagua aliyejaa kiganja, masharubu kama ya chifu mstaafu, nikapita naye katikati ya soko la Mbumbuni kwa ndoo, watu waone.

Maji yakachafuka zaidi, nikasema anafagia. Mimea ikang'oka ikaelea, nikasema anapalilia. Samaki wako wakaanza kupungua. Kumi na mmoja, wanane, watano. Mwikali akauliza wako wapi. Nikamwambia wamejificha, wanaomboleza. Nisamehe. Nilisema hivyo nikiangalia tumbo la kambare.

Halafu ikafika Alhamisi, akina mama wa kanisa wakaja mchana kumwombea dada. Nilikuwa nimetoa kifuniko ili wageni waone vizuri. Katikati ya maombi, macho yote yamefungwa, kambare akaruka nje, akaanza kutembea sakafuni, kiuno kulia, kiuno kushoto, moja kwa moja kwa mama mchungaji. Kumbe huyo samaki anapumua hewa kama mtu! Na mama zetu hawa wamekulia nchi kavu. Kitu kirefu, kisicho na magamba, kikija kwa tumbo, kwao kina jina moja tu.

"Nyoka! Ndani ya maombi! Shindwa!"

Syombua wa duka la mbegu alikuwa juu ya kiti kabla ya amina. Mama mchungaji akavua kiatu, akapiga, akakosa. Na mimi nikapiga kelele, "Msimuue, ni wangu! Ni wangu!" Ndiyo maana hapa sokoni wanasema Kioko alikiri mbele ya kanisa kwamba anafuga nyoka.

Mwikali akacheka. Mlamu, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha akalia, kile kilio chote ambacho hakulia tulipokuzika. Akina mama wakamshika. Mimi nikamshika kambare.

Alipopanguza macho alihesabu samaki waliobaki. Watatu. Akasema, "Hao ndio nimebaki nao. Ukiingiza mwingine bila kuuliza mtu anayejua, usikanyage hapa tena."

Kambare nilimrudisha Kasikeu. Mwenye bwawa akashangaa kwa nini sikumkaanga. Nitamlaje, na ndani yake kuna wanane wako?

Nikaenda Nairobi, duka la samaki wa kufuga. Msichana wa pale akanishika kwa maswali kushinda askari wa mpakani Malaba. "Baba, tangi ni la ukubwa gani? Chini ni kokoto au mchanga? Maji unatoa wapi?" Nikajibu moja tu, la maji. Nilikumbuka lile pipa la maji ya mvua ulilomkataza Mwikali kufulia, ukisema maji ya kisima chetu yana chumvi nyingi. Msichana akasema, "Aliyekufundisha alikuwa anajua kazi." Mlamu, pua ilinitiririka pale dukani, mtu mzima. Nikamwambia ni vumbi.

Akanieleza kambare ni wengi. Kuna wanaouzwa wadogo na wanafika urefu wa mkono. Kuna wanaolamba kioo vizuri wakiwa watoto, wakikua wanabomoa mimea. Wa tangi lako ni wale wasiopita kidole hata wakizeeka, wanaishi kwa kundi, sita hivi, wanachakura mchanga bila kugusa mizizi. Lakini kokoto kali inawakata masharubu. Na hata hao hawaponyi ute. Ute ni jua la dirishani na chakula kingi. "Unawalisha nini?" Nikasema, ugali kidogo. Uso wake siwezi kuuandika.

Halafu akakataa kuniuzia! "Safisha kwanza, urudi baada ya wiki tatu." Nimezunguka nchi saba, mfanyabiashara wa hivyo sijaona.

Tukalisogeza tangi mbali na dirisha, mimi na Mwikali. Tukachekecha mchanga wa mto, tukauosha. Mara ya tatu nikataka kuacha, akasema, "Mutua angeosha tena." Tukaosha mara nane.

Ukumbusho ulikuwa Jumamosi. Watatu wako na sita wageni, wale niliouziwa hatimaye, maji unaona mpaka ukuta wa nyuma. Mama mchungaji akasogea polepole, akauliza, "Na hawa hawatembei?" Mwikali ndiye alijibu. Akaeleza mchanga, akaeleza masharubu, akaeleza kundi, watu wakasikiliza. Mimi nilikuwa na neno kuhusu Kigoma. Nikanyamaza. Kama huko mna kitabu, jambo hilo liandikeni.

Jana ameniomba nikae naye dakika kumi tuwaangalie, bila kuongea. Nilikaa saa nzima.

Pumzika, mlamu. Maji nitabadilisha kila Jumamosi, na nisilolijua nitauliza.

Ni mimi ndugu yako,
Kioko