Tarehe Niliyoisahihisha

Kikwajuni,
Jumanne

Kwa Dada Biasha,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako na wote wa hapo Jambiani. Sisi hatujambo, ila mgongo unamsumbua Baba Mkubwa Matar. Nasikia umerudi kwenye mwani. Je, mikono imeshazoea tena maji ya chumvi?

Tangu uondoke, mashine ya kudarizi ilifunikwa shuka, kwani bila ya ile programu ya zamani haishoni hata ua moja. Kanzu ya bwana harusi wa Yusra tuliidarizi kwa mkono, na siku ikafika tumemaliza upande mmoja tu. Yusra alitutania kwamba mumewe itabidi apigwe picha ubavu.

Wiki iliyopita alikuja Gharib, fundi wa kompyuta. Alicheka alipoiona Windows XP kwenye kompyuta inayoiendesha mashine, akasema babu huyu hajafa, amekasirika tu. Alieleza kwamba leseni ya programu ilikwisha zamani na walioiuza walishafunga kampuni. Ndiyo maana kompyuta iliachwa makusudi kwenye mwaka 2009. Ilipowekwa tarehe ya kweli programu ilijifunga, na kuirudisha nyuma hakukusaidia tena. Alihifadhi kwanza maua yote uliyoyachora, kisha akaipandisha upya programu kwa CD ya Baba Mkubwa, tarehe ikibaki ya 2009. Sasa inafanya kazi.

Dada, aliyeweka tarehe ya kweli ni mimi. Ulikuwa umekwenda kusali adhuhuri. Mwalimu alitufundisha kuwa kompyuta yenye tarehe mbovu haiaminiki, nami nikaona nakusaidia. Baba Mkubwa alipokuuliza, ulisema hukugusa kitu. Akakwambia ufunguo unao wewe, au ni jini aliyeingia? Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nikanyamaza. Ulipoondoka uliniaga, ukaniusia nisome kwa bidii. Tangu siku hiyo kila nikifungua daftari nakukumbuka, na naona haya.

Leo nimemwambia Baba Mkubwa. Akasema kumbe amemdhulumu mtoto wa watu. Jumapili atakuja mwenyewe kukutaka radhi, lakini ameamuru barua yangu itangulie, na nisithubutu kukuomba urudi, kwani hiyo ni hiari yako.

Basi sikuombi. Nakuomba unisamehe tu. Ila hakunikataza kukwambia kwamba mpaka leo hajamkalisha mtu mwengine kwenye ile mashine.

Mfikishie mama shikamoo yangu.

Mdogo wako aliyekukosea,
Badria