Maji ya Puani

Jumatano, Julai. Wodini.

Kumbe si mafua. Tangu lile robota la mitumba liniangukie kichwani sokoni, pua inadondosha maji safi, nami nalaumu baridi ya Meru. Nimejifukiza mikaratusi. Nimepenga kwa nguvu zote. Kupenga! Daktari nusura anichape.

Leo aliniinamisha, akakinga matone, akachovya kikaratasi cha kupimia sukari. Kikabadilika rangi. "Mama Neema, makamasi hayana sukari hii. Haya ni maji yanayozunguka ubongo. Kuna ufa kwenye fuvu."

Dawa ni kulala tu, kichwa juu ya mito. Nisipenge, nisijikaze chooni, nisiiname. Ufa usipojiziba, nitapelekwa Moshi kupasuliwa. Hilo naliogopa. Homa ya uti wa mgongo, inayoweza kuingia kwa ufa huo, naiogopa zaidi, maana aliitaja huku akitazama dirishani.

Jioni baba mkwe akaja. Tangu niolewe sijawahi kumsalimia bila kumwinamishia kichwa akiguse. Ndivyo Waarusha tulivyo. Shingo ikaanza kwenda yenyewe. "Usiiname!" nesi akafoka.

"Shikamoo, baba," nikasema, macho darini kama mtu asiye na adabu. Nilitamani kitanda kinimeze.

Mzee akaegemeza fimbo ukutani, akainama yeye, polepole, magoti yakilia, mpaka kiganja chake kikafika utosini kwangu.

"Marahaba. Leo acha niiname mimi."

Nimelia. Na kupenga siruhusiwi.