Msingi wa Nyumba ya Chini

3 Februari

Baba mpendwa,

Natumaini kifua kimetulia na baridi ya huko imekuonea huruma. Huku tu wazima, ila mdomo wa kaka yako ndio haupumziki. Nyumba yake imefika kwenye linta, juu ya madirisha, na sasa Baba Mkubwa ameamka na jipya: anataka ghorofa. Chumba kimoja tu, anasema, chenye dirisha pana linalotazama uwanja wa mpira. Nilimweleza kwamba msingi niliuchimba kwa ajili ya nyumba ya chini, na nguzo ni nyembamba. Akawaambia mafundi wangu kwamba mkandarasi wao anaogopa ngazi. Nikimwomba tuandikishane mabadiliko hayo, ananuna: tangu lini mtoto akamwekea baba yake mkataba?

Nifanyeje? Ikianguka, leseni ni yangu na pingu ni zangu.

Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Kifua kiko vilevile, kimeshanizoea. Nawe usisahau kula ukiwa saiti.

Mkataba wenu unasema nyumba ya chini. Kazi ikibadilika, mkataba ubadilike kwanza, tena kabla ya zege. Mhandisi apime, aweke sahihi kwenye ramani mpya, na kaka aweke yake. Akikataa, jitoe kwa maandishi. Eleza sababu, piga picha pale kazi ulipoiachia, nakala ipeleke ofisi ya vibali. Usimwachie hata mrunda mmoja wa kuegemezea zege. Na usibishane naye. Tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja sijamwona akishindwa kwa maneno. Siku ya kesi, hakimu hatauliza mlipendana kiasi gani.

Msalimie. Nikirudi nitawapatanisha.

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na kifua. Mimi mwili mzima, moyo sivyo.

Nimefanya ulivyosema. Alikataa kutia sahihi, nikaandika barua ya kujitoa. Kumkabidhi mkononi sikuweza. Nilimwachia mlinzi, nikapakia mirunda yangu nikaondoka. Ofisini waligonga muhuri kwenye nakala na kuahidi kwenda kukagua. Sijui kama wamekwenda. Nasikia Baba Mkubwa amepata fundi asiyeuliza maswali. Jana nilipita pale kwa basi, nikaona ngazi imeegemezwa ukutani na watu wako juu. Sikushuka.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Umenyamaza, na kaka naye hajibu barua zangu. Nadhani bado amenuna. Ulifanya sawasawa. Niandikie hata mistari miwili.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Pole, na unisamehe kimya changu. Habari ya msiba ulipewa kwenye simu. Mengine sikuweza kuyatamka.

Zege la juu lilikuwa bado bichi. Baba Mkubwa alisimama chini yake, akiwaelekeza mafundi waongeze upande wa dirishani. Nguzo ya pembeni ilikatika kwanza. Askari walinifuata kabla hatujazika, maana kibao chenye jina langu kilikuwa bado getini. Niliwaonyesha barua, picha na muhuri, wakaniachia siku hiyo hiyo. Leseni yangu iko salama.

Msibani hakuna aliyenifukuza. Mama Mkubwa alinishika mkono, akaniuliza polepole, "Karatasi yako ilifika, mwanangu. Wewe ulishindwa nini kufika?"

Kisha akaniambia kwamba chumba kile cha juu kilikuwa chako, Baba. Baba Mkubwa alitaka usijue mpaka siku utakaposhuka garini na mizigo yako.

Binti yako

27 Juni

Mwanangu,

Leo sijui nianze kuuliza hali ya nani.

Ulifanya sawasawa. Nimeliandika tena kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nahofia usiku unajiambia vingine. Ungebaki pale, ningekuwa nawalilia wawili.

Lakini nimeichukua tena barua yako ya Februari. Dirisha linalotazama uwanja wa mpira. Tulipokuwa wadogo, kitanda chetu kilikuwa upande wa ukuta usio na dirisha. Mechi tulizisikia kwa kelele tu, na kaka alikuwa akinitangazia magoli ya uongo mpaka nilale. Uliniandikia wazi kabisa, nami nikasoma habari za msingi peke yake.

Sizungumzi tena habari za kurudi kwangu.

Nenda kwa mama yako mkubwa. Nenda leo, ukae naye mpaka akuchoke. Usibebe karatasi yoyote.

Baba yako