Chungu cha Uji cha Nyanya Yako

Ruiri, 6 Machi 1998

Kwako Karwirwa,

Huku mvua imeanza na maharagwe yameota. Uliomba chungu cha nyanya yako ukilinganishe na vigae vya kale mnavyochimba. Nimekisugua kwa majivu, maana chombo hakitolewi kichafu. Kisha nikasoma tena barua yako: mafuta ya chakula huzama ndani ya udongo, hayatoki kwa kuoshwa, nanyi mkiyapima mnajua kilichopikwa.

Nyanya yako hakukubali kipikiwe kitu kingine ila uji. Lakini wakati wa njaa ya 1984, yeye akiwa kanisani, nilipikia humo nyama ya mbuzi. Ni yule mbuzi ambaye Mzee Kathuri alifukuzwa hapa kwa kusingiziwa kumwiba.

Nilitaka kukivunja, mikono ikakataa. Njoo ukichukue mwenyewe. Pitia kwa Kathuri, uje naye.

Shangazi yako,
Mukiri