Ndugu Saba, na Kimya Changu

Nyalenda,
Kisumu.
9 Mei 1992

Mpendwa ndugu yangu Dalmas,

Nakusalimu wewe, shemeji Lornah na watoto. Natumaini homa iliyomsumbua kitinda mimba wenu imekoma. Sisi tu wazima, ila mvua imezidi. Maji yamefika tena bomani kwa Mama kule Ahero, na mpunga wake umelala. Mwenyewe ana nguvu.

Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo, ili Lornah asome kila neno bila kutafsiriwa. Tafadhali someni pamoja.

Huenda barua ya Baba Absalom, aliyoandika kwa niaba ya wazee wa ukoo, ya kukuita uje Agosti umrithi Seline, mjane wa marehemu kaka yetu Dishon, imekwisha kukufikia. Yakupasa kujua jinsi uamuzi huo ulivyopatikana.

Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi iliyopita. Baba Absalom, akijua Seline ni mtu wa kanisa, alifungua Injili ya Marko akasoma habari za mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, kila mmoja akifa na kumwachia mwenzake. Alipofika kwa wa saba akafunga kitabu.

"Mmesikia? Saba! Sisi tunaomba mmoja tu. Na Yesu alikataa? Mwalimu, wewe ndio unafundisha hii kitabu, sema kama nadanganya."

Wote wakanigeukia, Seline akiwa mmojawao. Sikutamka neno.

"Leo chaki imemwishia," akasema Baba Absalom. Wakacheka, na jambo likapita.

Hakudanganya katika alichosoma. Alikosea pa kuishia. Kisa kile si mafundisho ya Yesu. Kililetwa kwake na watu wasioamini ufufuo, ili wamkejeli. Kwao mwanamke yule alikuwa kitendawili tu. Yesu aliwajibu kwamba wamepotea, na kwamba Mungu si wa wafu bali wa walio hai. Yote hayo yamo mistari michache mbele. Niliyajua, nikayanyamazia, kwa kuwa niliogopa kulaumiwa kwamba nawaletea watoto wa Dishon chira, ile laana ya avunjaye mila.

Jumatano darasa langu la Biblia lilifika mwisho wa Injili hiyohiyo. Nilieleza, kama nilivyoeleza kwa miaka kumi na miwili, kwamba katika nakala za kale habari inakatika pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini wasimwambie mtu, kwa maana waliogopa. Na kwamba pengine ukurasa wa mwisho ulipotea. Seline, aliyekaa nyuma, akainua mkono.

"Mwalimu, kama hawakuambia mtu, sisi tulijua aje?"

Baada ya kulitafakari swali hilo siku tatu, siamini tena kwamba kuna ukurasa uliopotea. Naona mwandishi aliishia pale kwa makusudi. Kwa kuwa kitabu kipo, kuna aliyeishinda hofu akasema. Na kila anayefika mstari ule anaachiwa habari, na zamu ya kusema ni yake.

Basi nasema. Dishon hakufa kwa chira. Mwezi wa Januari daktari alituita mimi na Seline akatuambia kuwa ni ukimwi. Seline naye alipimwa, anao. Jana nilimwendea kuomba ruhusa ya kukuandikia.

"Ningesema mimi siku ile," akanijibu, "wangesema mjane anakataa mila. Nilikuwa nangoja wewe."

Dalmas, usije kwa lile uliloitiwa. Kikao kingine ni tarehe 30. Nitaisoma mistari iliyobaki, kisha nitaeleza aliyosema daktari. Sijui kama nitaendelea kuitwa mwana wa boma lile. Ukiweza kupata ruhusa kazini, njoo siku hiyo ukae kando yangu.

Mama anawasalimu, pamoja na mke wangu Beldina. Seline anamsalimu Lornah kwa namna ya pekee.

Mungu wa walio hai awaweke hai.

Nduguyo akupendaye, ingawa amechelewa,

Walter